Mbwa Asiyeogopa: Mwongozo kwa Wenye Mbwa wa Kasongo na Kabambare

Ukali wa mbwa wengi wa kwetu ni woga uliokosa pa kutokea. Mbwa aliyefungwa kamba fupi kwenye mwembe asubuhi hadi usiku, anayetupiwa mawe na watoto wakitoka shule, anayepigwa teke kila akisogelea jiko, hawezi kumtofautisha mwizi na mgeni. Kila anayemjia ni hatari kwake. Akikosa njia ya kukimbia kwa sababu ya kamba, hung'ata. Mwenyewe husema kwa fahari, "Mbwa wangu mkali kweli," mpaka siku mtoto wa jirani anapong'atwa.

Nakuandikia wewe unayetaka mbwa wa kukulindia lupango, wa kukufuata shamba au wa kuwinda naye, na papo hapo unataka wageni wapige hodi kwa amani na watoto wacheze bila kuumizwa. Mambo hayo hayapingani. Huhitaji fedha nyingi. Tafuta ndagala wakavu kidogo, gunia kuukuu, kamba ndefu, na dakika chache asubuhi na jioni. Kisha wakalishe watu wa nyumbani mkubaliane jinsi ya kuishi na mnyama huyu, kwa kuwa kazi ya wiki nzima huharibiwa na kijana mmoja anayemtania kwa fimbo.

Damu ya msituni

Mtazame mbwa wa asili wa kwetu: mwembamba, miguu mirefu, masikio yamesimama, mikunjo kwenye paji la uso, mkia umejikunja juu ya mgongo. Ni ndugu wa karibu wa yule mbwa wa Kongo ambaye Waingereza walianza kumzalisha kwao miaka ya 1930 wakamwita basenji. Habweki ovyo. Akipandwa na furaha au akiachwa peke yake hutoa sauti ndefu inayopanda na kushuka. Ndiyo sababu wawindaji humvisha kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi kwenye kichaka. Mijini amechanganyika na mbwa wa kigeni, kwa hiyo wengi siku hizi hubweka, lakini ile tahadhari yake ya msituni haijaondoka. Ni tahadhari yenye maana: mbwa asiyejihadhari msituni huliwa na chui.

Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliwafuga mbwa wa aina tano huko Bar Harbor kwa miaka mingi ili kujua tabia zao zinatoka wapi, na basenji alikuwa mmoja wa aina hizo. Kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Waliona kwamba watoto wa basenji wa wiki tano walikuwa waoga mno: mtu akiwasogelea walikimbia, walilia, walijaribu hata kung'ata. Lakini walipokuwa wakishikwa kwa upole mara kwa mara, walizoea upesi, na baada ya wiki chache ule woga ulikuwa umepungua sana. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake, John King na Orville Elliot, walikuwa tayari wameonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Watoto wa mbwa waliokulia uwanjani bila kuguswa na mtu hadi wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa porini, na kuwazoesha baadaye kulikuwa kazi kubwa.

Kwa hiyo tangu wiki ya tatu hadi ya 12 hivi mlango uko wazi. Baada ya hapo haufungwi kabisa, ila unakuwa mzito. Na kwa mbwa wa damu ya kwetu, anayezaliwa na tahadhari nyingi, wiki hizo ni mali.

Kabla hujamleta nyumbani

Usimtoe mtoto kwa mama yake kabla ya wiki nane. Mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kwamba meno yanauma: akimbana nduguye mno, mchezo unakwisha. Anayetolewa mapema hukosa somo hilo, na wewe utalilipia kwa mikono ya watoto wako.

Lakini usingoje wiki nane ndipo uende kumwona. Kama mbwa jike wa mwenzako amezaa chini ya ghala, omba ruhusa uwatembelee tangu wiki ya nne, siku kadhaa kila wiki, ukimpelekea mama yao ukoko wa wali ili akukubali. Chuchumaa ubavuni mwa watoto, si mbele yao. Usiwakazie macho. Teremsha mkono chini, kiganja juu, uache wanuse. Anayekuja mkune kifuani au chini ya taya; mkono unaoshuka kutoka juu ya kichwa humtisha, maana mwewe huja hivyo, na fimbo pia. Kisha mnyanyue, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, umsogeze kwenye mwili wako. Akifurukuta, usimbane na usimwachie; ngoja. Utafika wakati, mfupi mno, misuli inalegea na anashusha pumzi. Hapo hapo mweke chini taratibu. Amejifunza kwamba kutulia ndiko kunakomtoa mkononi. Ukimwachia anapofurukuta, atafurukuta zaidi kesho. Ukimkaza mpaka alie, atakuogopa wewe.

Siku zinazofuata, akishatulia mikononi, fungua midomo yake kidogo uone meno, shika masikio, panua vidole vya miguu. Hili la vidole lisikose. Funza hujificha kati ya vidole, na mbwa mwenye funza hutembea kwa maumivu na kukasirika kwa jambo dogo. Nimekuta mbwa aliyeitwa mkorofi mtaa mzima, kumbe nyayo zake zilikuwa zimejaa funza. Hakuna mafunzo yatakayomfaa mbwa anayeumwa. Ukiona pia macho yanakuwa na ukungu na uso unavimba, mwonyeshe mganga wa mifugo. Mbung'o wapo kwetu, na ugonjwa wanaouleta huweza kumpofusha mbwa. Mbwa asiyeona vizuri hushtuka na kung'ata kile asichokitambua.

Wengi huchagua mtoto mkali kuliko wote, yule anayewanyang'anya wenzake. Mimi ningemwacha. Ningemwacha pia anayejificha nyuma kabisa. Chukua yule anayesimama kidogo, akakutazama, kisha akaja.

Mbebe aone dunia

Kati ya wiki ya nane na ya 12 mpeleke mahali mbalimbali, lakini mkononi au ndani ya kikapu, kwa kuwa hajachanjwa na sokoni kuna mbwa wagonjwa. Aone pikipiki na baiskeli zilizobebeshwa magunia. Aone mwavuli ukifunguliwa, mzee mwenye bakora, mwanamume wa kanzu, askari wa buti. Aone mama mwenye beseni kichwani, maana mbwa wengi hufadhaika wakimwona binadamu ambaye umbo lake limebadilika. Asikie sombe ikitwangwa, ngoma ya harusi kutoka mbali, mvua juu ya mabati. Azoee mbuzi na kuku kabla hajawa na nguvu za kuwakimbiza.

Kila anapoona kitu kipya, mpe kipande cha ndagala. Kipande kidogo tu, ndagala mmoja aliyekatwa mara tatu. Na hapa ndipo penye kipimo ambacho ningependa ukikumbuke kuliko vyote: mbwa anayekataa chakula anachokipenda ana hofu kubwa mno, hawezi kujifunza chochote. Usimlazimishe, usimvute akaribie "ili azoee". Rudi nyuma hatua kumi, ishirini, mpaka ale tena. Umbali huo ambao anaweza kula ndipo darasa lake lilipo leo.

Mwili wake unasema

Kwa mbwa wa kwetu tazama kwanza mkia. Akiwa na amani akitembea, umejikunja juu ya mgongo. Akianza kuogopa, hukunjuka na kushuka. Hofu ikizidi, unaingia kati ya miguu. Lakini kabla ya mkia kushuka huwa kuna dalili ndogo ambazo watu hawazioni: anajilamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anageuza uso pembeni, weupe wa jicho unaonekana. Kisha anakakamaa, anaganda kama kigogo. Hapo ndipo meno yanapofuata.

Akinguruma, usimpige. Najua ushauri huu ni mgumu, hasa anapomngurumia mtu wa heshima. Lakini kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa sababu ya kuonya hujifunza kung'ata bila kuonya. Msogeze mbali, mwombe radhi mgeni, kisha ukiwa peke yako ujiulize kilichomtisha.

Neno moja kwa kila jambo

Kubalianeni maneno. Baba akisema "kuya", watoto wakasema "njoo", na mama akapiga mluzi, mbwa ataonekana mjinga na kumbe ni ninyi. Chagueni neno moja la kuita, moja la kukaa, moja la kuacha, na liwe hilo kwa wote. "Ikala" au "kaa", shauri yenu.

Halafu chagueni sauti fupi ya kumwambia "hapo umefanya vema". Mimi napiga ulimi kwenye kaakaa. Sauti hiyo itoke papo hapo anapofanya jambo jema, na chakula kifuate mara moja. Ukichelewa mpaka amekwisha kusimama tena, umemlipa kwa kusimama. Njia hii si ya mbwa tu. Huko Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini kwa njia hiyo: panya akigundua harufu, husikia mlio mdogo na kupewa ndizi au chakula kingine. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza. Hakuna aliyempiga panya huyo ili awe jasiri.

Kumfundisha kukaa ni rahisi. Shika ndagala mbele ya pua yake, uupandishe mkono polepole nyuma ya kichwa chake. Pua ikipanda, makalio hushuka. Yakigusa ardhi, piga ulimi, mpe. Neno liongeze baadaye, akishafanya bila kusita. Kuja akiitwa ni muhimu zaidi, na sheria yake ni moja: usimwite kamwe ili umwadhibu. Ameiba samaki, amerarua kanga ya mama, ukamwita akaja, mpokee vizuri. Ukimpiga, umemfundisha kwamba kuitwa ni hatari.

Kuhusu pilipili wanayopewa mbwa wengine ili wawe wakali: inawaunguza tumbo. Haiwafundishi lolote. Acha.

Somo la gunia

Hili ndilo ninalolipenda, na kama utafundisha jambo moja tu, fundisha hili.

Tandika gunia kuukuu pembeni ya baraza, mahali ambapo watu hawampiti juu. Kaa karibu yake na ndagala wako mkononi, usiseme kitu. Mbwa atazunguka, atakunusa, ataangalia mkono. Mguu wake mmoja ukikanyaga gunia, piga ulimi na uweke kipande juu ya gunia lenyewe, si mkononi mwako. Akila, mngoje. Akiondoka, mwache. Atarudi. Baada ya muda atakuwa anaweka miguu yote minne na kukutazama, kana kwamba ndiye aliyegundua mchezo.

Siku inayofuata ngoja zaidi kabla ya kumlipa, mpaka ajilaze mwenyewe. Akilala, weka kipande kati ya miguu yake ya mbele. Kisha kingine akiendelea kulala. Tazama nyonga: mbwa aliyelala tayari kurukia kitu huwa ameweka miguu ya nyuma sawasawa chini ya mwili, mbwa aliyetulia kweli huiangusha nyonga upande mmoja, na hatimaye huweka kidevu chini. Hicho kidevu kilipe vizuri, kipande kikubwa, polepole, kwa sauti ya chini. Unachokilipa sasa ni utulivu wenyewe, hali ya mwili wake.

Kisha lete misukosuko kidogo kidogo. Simama, kaa. Piga hatua mbili, rudi. Mtu wa nyumbani apite na beseni. Mtoto adundishe mpira, kwanza mbali. Akiinuka, usimkemee, umezidisha, punguza. Fanya kwa muda mfupi, uache angali anataka kuendelea.

Baada ya wiki kadhaa gunia linakuwa nchi yake ya amani. Unaweza kulibeba ukaenda nalo shamba, kwenye kilio, kwa ndugu, kwa mganga wa mifugo. Ukilitandika, anajua la kufanya mahali asipopajua. Weka sheria nyumbani: mbwa akiwa kwenye gunia, hakuna mtoto wa kumgusa wala kumrukia.

Pikipiki, ngurumo na risasi

Kwa mbwa anayekimbiza au kuogopa pikipiki, tafuta mahali panapoonekana barabara kutoka mbali. Pikipiki ikitokea, mlishe mfululizo. Ikipotea, chakula nacho kinapotea. Huhitaji kumwamuru chochote. Siku utakayomwona anasikia mngurumo na badala ya kukakamaa anageuka kukutazama wewe, sogea hatua chache karibu na barabara. Hatua chache tu.

Ngurumo za radi ni ngumu zaidi kwa sababu huzipangi wewe. Tumia kiangazi, Juni hadi Agosti, kabla mvua hazijarudi. Mtu adondoshe kijiwe kwenye sufuria nyumba ya pili, mbwa ale. Kesho yake viwili. Baadaye kipande cha bati kitikiswe taratibu. Mvua zikianza, mwachie pa kujificha, chini ya kitanda au nyuma ya magunia ya mpunga, na usimtoe kwa nguvu. Ukitaka kukaa naye ukimpapasa, kaa. Huwezi kuuongeza woga kwa kumfariji.

Risasi usizifanyie mazoezi. Lakini upande wa Salamabila na sehemu nyingine za Kabambare watu wamezisikia mara nyingi katika miaka ya karibuni, na mbwa wengi hupotea usiku wa namna hiyo kwa kukimbilia porini. Mzoeshe kuvaa ukanda na kamba, na kutembea ubavuni mwa mtu aliyebeba mzigo bila kumvuta. Familia ikilazimika kuondoka ghafla, mbwa anayejua kutembea hivyo ataondoka nanyi.

Kamba yenyewe isiwe gereza. Ukilazimika kumfunga mchana, iwe ndefu, yenye kivuli na maji, mbali na njia ya wapita njia. Bora zaidi ni uzio wa miti au mianzi unaomzuia asione kila mguu unaopita. Usiku mfungulie. Mbwa aliyepumzika na anayeujua uwanja wake atakuamsha kwa kitu kisicho cha kawaida, na hatabwekea panya na majani mpaka uache kumsikiliza.

Mpe kazi ya pua

Ujasiri hutokana na kujaribu na kuweza. Tawanya ndagala wachache kwenye rundo la maganda ya mahindi, uache atafute. Usimwonyeshe. Mwanzoni weka juu juu. Baadaye zika chini, weka rundo la pili lisilo na kitu. Mbwa aliyeinamisha kichwa akinusa kwa bidii hutulia, na wale waoga kupita kiasi hupata ujasiri kwa mchezo huu kabla ya mwingine wowote. Kikosi cha mbwa wa Hifadhi ya Virunga, kilichoanza mwaka 2011, hufuata harufu ya majangili kwa pua hiyo hiyo. Mbwa wako ataridhika na harufu ya samaki.

Njiani kwenda shamba, mwache apande kichuguu, avuke gogo lililoanguka, akanyage maji ya kijito penye kina kifupi. Tangulia wewe, ungoje upande wa pili. Usimburute. Akikataa leo kwenye daraja la magogo, mlipe kwa hatua moja aliyoweka, kisha rudini.

Wageni, waumini na watoto

Kasongo ni mji wa Waislamu tangu karne ya 19, watu wa pwani walipoufanya makao yao chini ya Tippu Tip, na wengi wetu tuna majirani au wazazi wanaofuata madhehebu ya Shafi. Kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Dini haikatazi mbwa wa kulinda wala wa kuwinda, na sura ya Al-Maida inazungumzia halali ya windo la mnyama aliyefundishwa. Kinachomuudhi jirani ni pua mbichi kwenye kanzu yake anapotoka kutawadha. Ana haki. Mbwa wako awe na bakuli lake mwenyewe, lisichanganywe na vyombo, na afundishwe kwenda kwenye gunia kila hodi inapopigwa. Mwombe rafiki apige hodi mara kadhaa jioni moja: hodi, gunia, ndagala. Mlango usifunguliwe mpaka mbwa amelala.

Mgeni asimtazame wala asimwite. Mbwa akitaka kumsogelea, na mgeni yu radhi, atakuja mwenyewe. Asipotaka, usimlazimishe kuwa rafiki wa kila mtu. Unataka mbwa anayewaacha watu wapite, na hilo linatosha.

Watoto wafundishwe sawa na mbwa. Wasimguse anapokula, anapolala, anaponyonyesha. Wakikimbiliwa na mbwa wasiyemjua, wasimame kimya, mikono imebana mwilini, macho chini. Mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata kama mbwa ni mpole namna gani.

Chanjo, na mkono wa mganga

Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana mgonjwa haponi. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, na kurudiwa kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo ya territoire mapema, kwa maana chanjo hutunzwa kwenye baridi na haipo siku zote. Wengine hungoja kampeni za Septemba 28, siku ya dunia ya kichaa cha mbwa. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba kampeni zilizoanza mwaka 2010 ziliuondoa. Uliporudi mwaka 2016, chanjo iliuondoa tena.

Kinachokwamisha mara nyingi siku ya chanjo ni kwamba mwenyewe hawezi kumshika mbwa wake. Kwa hiyo fanya zoezi nyumbani. Shika ngozi ya shingo, ibane kidogo kwa vidole, mpe ndagala. Mzungushie kitambaa laini mdomoni, kwanza bila kukifunga, mpe ndagala. Mtu mwingine ashike mguu wa nyuma. Mbwa aliyefanyiwa hivyo kwa wiki chache atasimama akisubiri malipo yake.

Mtu aking'atwa, na mbwa yeyote yule, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Na mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mwitu akawa mpole kupita kiasi, anayetokwa udenda na kushindwa kumeza, huyo si wa kufundishwa. Mfungieni, msimguse, mwiteni mganga wa mifugo.

Mbwa mkubwa aliyekwisha kuharibiwa

Umerithi mbwa wa miaka minne aliyekulia kwenye kamba. Anza kwa kutomtaka kitu. Wiki za kwanza mletee chakula saa zile zile, kiweke, uondoke. Kisha kaa mbali kidogo anapokula, umempa ubavu, ukifanya kazi yako, ukichambua mchele au kusuka kamba. Kila siku mtupie kipande kitamu bila kumwangalia. Akianza kukungoja mkia ukiwa umejikunja, ndipo uanze gunia, na uende nalo polepole mara mbili kuliko kwa mtoto.

Wengine hawatakuwa kamwe mbwa wa kushikwa na wageni. Huyo mjengee uzio, umwondoe kwenye njia ya watoto, mpe kazi yake ya usiku. Atakuwa na siku mbaya, hasa baada ya kelele kubwa au ugomvi uani. Usihesabu siku hiyo kuwa hasara: kesho yake rudi kwenye umbali wa wiki iliyopita, mpe chakula hapo, uanzie hapo.